Meli za washirika eneo moja la bahari: wanajihami pamoja, hawashambulii pamoja

Katika Axis & Allies 1942, chapa ya pili, mchezo wa ubaoni wa Vita vya Pili vya Dunia, sijaona kanuni inayozua ubishi mezani kama hii. Nimefundisha wengi mchezo huu, na karibu kila mgeni huamini kwamba Uingereza na Marekani wakikusanya meli eneo moja la bahari, basi wamepata jeshi moja. Sivyo. Wakivamiwa, wote wanarusha dadu. Wakitaka kuvamia, kila nchi huenda peke yake kwa zamu yake.

Tuseme Uingereza ana meli ya kubeba ndege na destroya moja (manowari ndogo). Marekani ana kruza (manowari kubwa kuliko destroya) papo hapo, na ndege zake mbili za kivita zimetua juu ya meli ya Mwingereza. Mjapani akivamia, meli ya ndege inajihami kwa 2 (yaani dadu yake ikitoa 2 au chini, imepiga), destroya kwa 2, kruza kwa 3, na kila ndege kwa 4. Jumla 15, gawa kwa 6, utarajie mapigo mawili au matatu raundi ya kwanza. Hizo ni nguvu za kutisha! Lakini Mwingereza akizipeleka meli zake mbili kushambulia, ana 1 na 2 tu, jumla 3. Ndege za Marekani huwa mzigo: hazirushi dadu, na meli ikizama zinazama nayo. Kwa hiyo amua mapema kundi hilo lipo kulinda au kuvamia.

Destroya nayo inafuata mkondo huohuo. Mkivamiwa, destroya moja ya mshirika yeyote inazuia nyambizi zote za adui zisipige kwa kushtukiza, yaani kuzamisha meli kabla haijajibu. Ukivamia wewe, destroya ya mwenzako iliyopo hapo haihesabiwi, na kama huna destroya yako, ndege zako haziwezi kugusa nyambizi.

Penye hatari zaidi ni kuchagua kinachozama. Washirika huchagua kwa kupatana. Wasipopatana, mvamizi ndiye anayewachagulia, na hatawahurumia. Pataneni kabla dadu hazijarushwa. Wengi hukimbilia kuitoa destroya kwa sababu bei yake ni IPC 8 (IPC ni fedha za mchezo) na ndege ni 10. Kama adui ana nyambizi, mimi humsihi mwenzangu atoe ndege moja kwanza, kwani destroya ikiondoka, raundi inayofuata nyambizi zitapiga kwa kushtukiza na meli itakayopigwa itazama bila kujibu. Katika mapigo ya kawaida haiwi hivyo: chombo kilichopigwa bado kinarusha dadu yake kabla ya kuondolewa ubaoni.

Na mwambieni mvamizi arushe dadu za nyambizi kando na nyingine, maana pigo la nyambizi haliwezi kupewa ndege. Likishachanganywa na mengine, hamtajua tena ni lipi lazima lichukuliwe na meli.