Mtunza Hazina Asihesabu Peke Yake

Kila uchaguzi wa wazee wa kanisa ukikaribia, sifa za mtunza hazina hutajwa zile zile: awe mcha Mungu, awe na ushuhuda mzuri, awe mtu wa maombi. Sina ubishi nazo. Ila mimi niliyekaa na kitabu cha mapato cha usharika wetu hapa Dodoma kwa muda mrefu ningeongeza swali moja kabla kura hazijapigwa: huyu mtu anakubali kukaguliwa? Maana nimeona wacha Mungu wa kweli wakinuna wiki nzima kwa sababu kijana wa kamati ya ujenzi aliomba kuona risiti ya misumari.

Mimi moyo wangu siuamini na hela ya madhabahuni. Kwa kuwa siuamini, nalala usingizi. Ndugu zangu mnaopewa kazi ya Bwana mara ya kwanza, ushauri wangu wote unatoka hapo: tafuteni mashahidi mapema, wakati bado hakuna anayewashuku.

Chukua Jumapili yoyote. Ibada imeisha, watu wako nje wanasalimiana, vikapu vimeletwa ofisini. Meza inafutwa, hela inamwagwa katikati, na wanaohesabu ni watatu: mzee wa zamu, mmoja kutoka kwaya au vijana, na mimi. Noti za elfu moja huja zimekunjwa mpaka zimekuwa kama punje, za elfu kumi huja zimenyooka. Sarafu za watoto wa Shule ya Jumapili mara nyingi zina unyevu wa viganja. Kila mmoja anahesabu fungu lake, kisha tunabadilishana mafungu. Jumla inatajwa kwa sauti, inaandikwa kwa kalamu ya wino, kwa tarakimu na kwa maneno, halafu wote tunasaini kabla mtu hajainuka. Ukikosea namba, usiifute wala usiandike juu yake. Pitisha mstari mmoja, andika iliyo sahihi pembeni, na wote wasaini tena hapo.

Baada ya hapo hela isiende kulala nyumbani kwako. Zamani hili lilikuwa gumu kwa sababu benki hazifunguliwi Jumapili. Siku hizi mawakala wa benki wako kila mtaa, na wengi hufungua hata Jumapili mchana. Nendeni wawili, rudini na karatasi. Na kama usharika unapokea sadaka kwa simu, namba iwe na jina la kanisa. Namba ya mama mtunza hazina, hata kama ni malaika, inachanganya hela ya vitunguu vyake na fungu la kumi la watu.

Wapo wanaoniambia nimeleta mambo ya ofisini kanisani. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 tumepata washarika wengi wanaofanya kazi huko Mtumba, kwenye mji wa serikali, na ni kweli baadhi yao wameleta mazoea mazuri ya makaratasi. Lakini jambo lenyewe ni la kale kuliko ofisi zote. Soma 2 Wafalme 12. Hekalu lilikuwa limebomoka, hela ilikuwa ikipita kwa makuhani na matengenezo hayafanyiki. Kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Hela ikiwa nyingi, walikuja wawili kuihesabu, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Wawili, na mmoja wao wala si mtu wa madhabahuni.

Mzee mmoja aliwahi kunijibu kwa mstari wa 15 wa sura hiyo hiyo, unaosema wale waliokabidhiwa fedha ya kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Alidhani amenimaliza. Nikamwomba arudi nyuma kidogo: kabla hela haijafika mikononi mwa watu hao ilikuwa imeshahesabiwa, ikafungwa mifukoni, na waliohesabu wanajulikana. Tukacheka, tukaendelea kuhesabu.

Paulo naye, alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuwaambia Wakorintho kwamba yeye ni mtume basi wamwamini. Katika 2 Wakorintho 8 anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu. Anasema wanatafuta lililo jema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Hao wanadamu ndio tunaowasahau tukishaanza kuitwa watumishi.

Sasa nije kwenye mnada, ambao una majaribu kuliko vikapu. Wasomaji wa pande zetu mnaujua: msimu wa mavuno watu huleta sadaka ya walichonacho, debe la mtama, uwele, karanga, kuku aliyefungwa miguu, na ibada ikiisha vinauzwa pale uwanjani. Bibi analeta mayai matano ndani ya kitambaa, mtu anayanunua kwa bei ya trei nzima, anayarudisha mezani, yanauzwa tena. Napenda sana saa hiyo. Vicheko vingi, vigelegele, watoto wanakimbiza kuku aliyeponyoka.

Lakini angalia anayenadi. Jogoo mzuri akija, sauti inapungua, "elfu nane mara ya kwanza, mara ya pili," na kabla waliosimama nyuma hawajasikia, jogoo keshaenda kwa shemeji yake. Kwetu tulikubaliana kwamba anayenadi hanunui, wala hanunui kwa mkono wa mke au mtoto. Na anayesema "nitaleta wiki ijayo" jina lake linaandikwa palepale na kiasi, hata akiwa mkubwa kiasi gani.

Hapo kwenye "mkubwa" ndipo vijana wanapokwama. Utamwambiaje mtu wa umri wa baba yako kwamba hajalipa kuku? Mimi huanza na shikamoo, namuuliza hali ya nyumbani, halafu nasema: "Mzee wangu, mimi msahaulifu, naomba tuliandike hili nisije nikakusahaulisha baraka yako." Hajawahi kukasirika mtu kwa maneno hayo. Ukimwendea na daftari mbele ya watu, umempoteza, na pengine kanisa limempoteza pia.

Kuna jambo moja zito zaidi, nalo litakupata. Jioni, mwenzako wa baraza anagonga mlango. Mtoto amelazwa, dawa zinahitajika usiku huu, anaomba hela ya kanisa mpaka Ijumaa. Ni mkweli, unamjua, machozi yako machoni. Mimi jibu langu ni kwamba hela ya kanisa sina mamlaka ya kuikopesha, ila mkoba wangu ninao. Natoa nilicho nacho, nampigia simu mama mwingine na mwingine, mara nyingi kabla ya saa nne usiku kinapatikana cha kutosha. Siku ambayo hakitoshi inauma, siwezi kudanganya. Ndiyo maana niliwasumbua wazee mpaka wakakubali kutenga fungu la dharura chini ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wenye shida, kwa kiwango kinachojulikana na saini mbili. Maamuzi ya huruma yafanyike kikaoni mchana, na watu wengi, yasimsubiri mtu mmoja mlangoni kwake gizani.

Mnisamehe nikikaa kwenye hela tu. Kanuni ya mashahidi naitumia kwingine pia: kumtembelea mjane au mgonjwa twende wawili, na maombi ya simu ya saa sita za usiku na mke wa mtu yaachwe. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Ila sokoni pana maelezo. Mimi nauza nafaka na karanga Majengo, na kila mteja anayesali nasi akinijia huangalia kwanza debe langu. Ana haki. Kuna madebe yamebonyezwa kitako yanayotumika kuuzia, na mengine yamepanuliwa mdomo yanayokwenda vijijini kununulia. Kuna lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, mkulima analipwa la kawaida, na hiyo imekatazwa kisheria lakini bado inatembea. Wanaofanya hivyo siyo wote wapagani, wengine tunapokea nao Meza ya Bwana. Mithali 11:1 haikuandikwa kwa ajili ya mahubiri: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, Bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza."

Nikienda vijijini kununua nabeba mizani, na anayesoma kilo ni mkulima mwenyewe au mtoto wake anayejua namba. Wenzangu wananiambia, "Mama, wewe unafanya huduma, hufanyi biashara." Faida yangu ni ndogo kuliko yao msimu ukiwa mzuri, hilo ni kweli kabisa na nisingependa mtu aingie kwenye njia hii akidhani atatajirika. Mwaka wa mvua haba, ambao huku kwetu mnajua unavyokuja, wakulima hao huniwekea mimi gunia la kwanza. Mara nyingine hawaniwekei, wanamuuzia mwenye bei kubwa, na sina kinyongo.

Kwa wale wenye ajira: ukiaga kazini saa tatu asubuhi kwenda semina ya neno bila ruhusa, umechukua muda wa mwajiri ukautoa sadaka. Muda huo haukuwa wako kuutoa.

Na wewe uliyechaguliwa juzi, usipokee kitabu na funguo kwa maneno matupu. Omba makabidhiano: salio la benki kwa karatasi ya benki, hela iliyopo mkononi ihesabiwe mbele yenu, madeni ya mnada yasomwe jina kwa jina, orodha ya viti, masufuria na spika iandikwe. Anayekukabidhi asaini, wewe usaini, mchungaji asaini, nakala tatu. Mtu akikuambia sisi ni ndugu katika Bwana, makaratasi ya nini, mjibu kwa upole kwamba ndiyo, ni ndugu, kisha acha funguo pale mezani mpaka kalamu ipatikane.