Diski ya Mtandao Ikigoma Nyumbani: Jua Kwanza Kama Njia Ipo

Mke wangu ni fundi cherehani. Vipimo vya wateja, picha za mishono na hesabu za vitambaa vyote viko kwenye kompyuta ya mezani iliyo chumba cha nyuma, naye huvifungua kwa laptopu akiwa sebuleni kupitia folda ya pamoja tuliyoipa herufi Z. Jumamosi moja jioni alikuwa na wanakamati wa harusi wamekuja kuhakiki vipimo vya sare zao. Akafungua laptopu, Z ina alama nyekundu ya X. Akabofya, ukaja ujumbe kwamba Windows haiwezi kuifikia.

Nilikwenda nyuma nikanakili faili kwa flashi, wageni wakahudumiwa wakaondoka. Kisha nikakaa chini kutafuta tatizo, na nikakaa hadi saa saba usiku. Nilizima faiawoli, ile ngome inayochuja nani aingie kompyutani. Nikaruhusu kila mtu kusoma na kuandika kwenye folda. Nikawasha na kuzima vitu ambavyo hata sikuvielewa, kwa sababu kuna mtu aliandika mahali kwamba kwake vilisaidia. Chanzo kilikuwa hiki: mchana ule umeme ulikatika, na ruta ilipowaka tena ikagawa upya namba, yaani anwani ambazo kompyuta hupatana kwazo mtandaoni. Kompyuta ya mezani iliyokuwa 192.168.1.20 sasa ilikuwa 192.168.1.24, na laptopu iliendelea kugonga nyumba iliyohamwa. Marekebisho yalichukua dakika mbili. Kurudisha kila nilichovuruga kulichukua siku nzima ya Jumapili, na nilipata hofu kweli nilipogundua kwamba vipimo na namba za simu za wateja vilikaa usiku kucha bila kinga yoyote.

Ndiyo maana nawasihi wote wenye folda za pamoja nyumbani: usiguse mpangilio wowote kabla hujajua tatizo liko upande gani. Ujumbe ule wa Windows huja kwa sababu nyingi zisizofanana. Waya umechomoka, ujumbe ni uleule. Neno la siri limebadilika, mara nyingi ni uleule. Kwa hiyo usiusome sana. Jiulize swali moja: laptopu inaifikia kompyuta nyingine, ila inakataliwa mlangoni, au haifiki kabisa?

Anza kwa kwenda kuitazama kompyuta yenye folda. Imewaka? Haijalala? Kompyuta nyingi hupangwa kulala zikikaa muda bila kuguswa, na ikilala haimjibu mtu. Ya kwetu niliizuia kulala ikiwa kwenye umeme, nikaacha skrini tu ndiyo ijizime.

Kisha kwenye kila kompyuta fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, soma namba ya IPv4, ndiyo anwani ya kompyuta hiyo. Kwa ruta nyingi za nyumbani namba za kompyuta zote mbili zinatakiwa kufanana katika mafungu matatu ya mwanzo, mfano 192.168.1, zitofautiane fungu la mwisho. Hapa ndipo nimekuta matatizo mengi zaidi kuliko mahali pengine popote, kwetu na kwa majirani. Umeme ukikatika, mtu anawasha hotspot ya simu ili amalizie kazi. Umeme unarudi, laptopu inabaki kwenye simu. Intaneti inafanya kazi, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, lakini laptopu na kompyuta ya mezani ziko mitandao miwili tofauti. Ukiona 192.168.43 kitu fulani, huenda ni hotspot ya Android, 172.20.10 ni ya iPhone. Ukiona 169.254, kompyuta haikupewa namba na ruta kabisa, basi angalia waya au waifai kabla ya jambo lingine lolote. Na ukiwa na ruta mbili ndani, labda moja ya fiba na nyingine ya laini ya simu, hakikisha vifaa vyote vimeshika ileile. Mtandao wa wageni nao, ule ambao ruta nyingi huutoa kwa jina la pili, kwa kawaida huvitenga vifaa visionane. Laptopu iliyoko huko haitaiona folda yako hata ufanyeje.

Kama namba zinafanana, kuna amri moja ninayoipenda kuliko zote. Fungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, kwenye laptopu, andika:

Test-NetConnection 192.168.1.24 -Port 445

ukiweka namba ya kompyuta yako yenye folda. Folda za Windows hupitia mlango namba 445, na amri hii inakwenda kuugonga mlango huo. Mstari wa TcpTestSucceeded ukisema True, njia ipo. Acha waya, acha ruta, acha faiawoli. Tatizo ni la utambulisho au ruhusa. Ukisema False, hujafika, na hakuna neno la siri litakalokusaidia. Watu wengi hutumia ping peke yake, ile amri ya kuiita kompyuta uone kama inajibu, lakini faiawoli ya Windows inaweza kuinyima ping jibu huku folda zikifunguka vizuri, kwa hiyo ping iliyokosa jibu isikukatishe tamaa.

Namba zikifanana lakini mlango 445 haujibu, shaka yangu ya kwanza ni jinsi Windows ilivyouweka mtandao wako. Ina makundi mawili: mtandao wa hadhara, ulioandikwa Public, na wa binafsi, Private. Ukiwa wa hadhara, Windows hujificha na kukataa wageni, jambo ambalo ni sahihi kabisa mgahawani au uwanja wa ndege. Ukibadilisha ruta, Windows huuona kama mtandao mpya na mara nyingi huuweka kwenye hadhara. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta yenye folda, chagua Private, kisha hakikisha kushirikisha faili kumewashwa kwa kundi hilo. Ukifanya hivi hutahitaji kuizima faiawoli hata siku moja. Mtu akikwambia izime, kataa.

Kuhusu namba inayobadilika, dawa yake imo ndani ya ruta. Karibu kila ruta ina sehemu ya kuitengea kompyuta fulani namba yake isigawiwe kifaa kingine. Itengee. Au unganisha diski kwa jina la kompyuta badala ya namba. Ya kwetu ni \\SEBULE\vipimo: SEBULE ni jina tu la ile kompyuta ya chumba cha nyuma, vipimo ni folda. Kwa jina ni vizuri likikubali. Mimi nimeweka yote mawili, kwa sababu umeme wa kwetu ukikatika mara tatu kwa siku sitaki kurudi kwenye jambo hili.

Sasa turudi kwa yule aliyepata True. Windows inakuomba jina la mtumiaji na neno la siri, unaandika, inakataa. Unaandika tena polepole, inakataa. Mara nyingi unaandika pini. Zile tarakimu unazofungulia kompyuta kila asubuhi ni za kompyuta hiyohiyo tu, hazisafiri kwenye mtandao. Folda inataka neno la siri lenyewe, na kama akaunti yako ni ya Microsoft, basi jina la mtumiaji ni barua pepe na neno la siri ni la akaunti hiyo, ambalo wengi wetu tuliliandika mara moja siku ya kununua kompyuta. Akaunti isiyo na neno la siri kabisa nayo haikubaliki: Windows, kwa kawaida yake, humruhusu mtumiaji wa namna hiyo akiwa ameketi mbele ya kompyuta tu.

Nilichofanya, na ninachowashauri, ni kufungua akaunti ndogo ya humohumo kwenye kompyuta yenye folda, isiyohusiana na barua pepe ya mtu, yenye neno refu la siri, kwa kazi hii tu. Yetu inaitwa mafundi. Kwenye laptopu tunaandika SEBULE\mafundi, yaani jina la kompyuta, mkwaju wa kurudi nyuma, jina la akaunti. Tangu hapo mke wangu akibadilisha neno lake la siri, Z haina habari.

Kumbuka pia kwamba ruhusa ziko mbili. Folda ina ruhusa za kushirikishwa na ina ruhusa zake za usalama, na zote mbili lazima zikubali. Ni kama geti la nje na mlango wa chumba: kufunguliwa geti hakukufikishi chumbani. Ukiweza kuifungua folda lakini ukashindwa kuhifadhi faili ndani yake, tazama hapo.

Kuna kosa namba 1219 ambalo husumbua baada ya kubahatisha mara nyingi. Maana yake ni kwamba laptopu tayari imeunganishwa na kompyuta ileile kwa jina jingine, na Windows haikubali majina mawili kwa wakati mmoja. Andika net use uone miunganisho iliyopo, kisha net use * /delete uikate yote. Ingia Credential Manager, sehemu ya Windows inayotunza maneno ya siri, ufute neno la siri la zamani lililohifadhiwa, ndipo uunganishe upya.

Alama nyekundu inayoonekana laptopu inapowaka tu ni jambo dogo. Windows huamka kabla ya waifai. Subiri dakika moja, bofya Z, itafunguka.

Limebaki jambo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote. Ukitafuta msaada utashauriwa kuwasha SMB1, toleo la kwanza la lugha ambayo kompyuta hushirikishana faili. Usiiwashe. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita kwenye tundu la toleo hilo, vikafunga faili za watu katika nchi nyingi na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo Machi ya mwaka huohuo, na kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, lililotoka miezi michache baadaye, Windows ilianza kuiondoa SMB1.

Shemeji yangu ana kisanduku cha diski cha zamani, kile kinachounganishwa kwenye ruta kutunza faili, kilichogoma ghafla baada ya laptopu yake kupata Windows 11 toleo la 24H2. Toleo hilo, kwa wenye Pro, halikubali tena kuingia kama mgeni bila neno la siri, na linadai mawasiliano yawe na saini ya kidijitali, kuthibitisha kwamba hayakuchezewa njiani. Aliambiwa azime masharti hayo. Tulikaa tukatafuta programu mpya ya kile kisanduku, tukakiwekea mtumiaji na neno la siri, kikakubali. Kingekuwa kinajua SMB1 peke yake, tungehamisha picha zake zote na kukistaafisha.

Na mlango ule wa 445 usiufungue kwenye ruta kuelekea intaneti, hata kwa saa moja, hata kama ni mtoto wako yuko chuoni anahitaji faili. Kama ruta yako ina VPN, njia iliyofungwa kwa siri ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali, aingie nyumbani kwa njia hiyo. Kama haina, mtumie faili kwa barua pepe.