Inakata nikiondoka, ikishika kasi inakimbia

SWALI: Fundi, pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nina pikipiki ya kabureta ya cc 150 na bado nailipia mkopo. Nilienda matanga kwetu Siaya nikakaa karibu mwezi mzima, pikipiki ikabaki imefungiwa nyumbani. Tangu nirudi, haina nguvu ya kuondoka. Nikiachilia klachi nikiwa na abiria, injini inakohoa kisha inataka kuzima. Nikivuta mafuta hadi nusu inaamka na kukimbia kama zamani, hata mlima wa Riat inaupanda. Asubuhi nikiwa nimevuta choki inaondoka vizuri, nikirudisha choki shida inarudi. Tena nikifunga mafuta ghafla, mngurumo unachelewa kushuka. Fundi wangu alifungua kabureta akaweka jeti kubwa (kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli) yenye namba ya juu zaidi, akabadilisha plagi, na sasa anasema ringi za pistoni zimeisha, nitafute pesa za ovahoo. Nishike lipi? – B.O., Kondele

JIBU: Ndugu B.O., pole sana kwa msiba. Hizo pesa za ovahoo zikae mfukoni kwanza. Ringi zikiisha hazichagui mwendo: injini hulegea toka chini mpaka juu, moshi wa samawati hutoka kwa ekzosi, oili hupungua, na ukipiga kiki mguu unashuka kirahisi. Pikipiki inayopanda Riat haijalegea hivyo, na moshi au oili kupungua hukuvitaja. Inaniuma kuona kijana mwenye mkopo akifunguliwa injini nzima kwa sababu ya tundu ambalo sindano ya kushonea haipenyi.

Barua yako yenyewe imeshataja ugonjwa. Kabureta ina njia kadhaa za kupitisha petroli na kila njia ina zamu yake. Toka pikipiki ikiwa inanguruma imesimama hadi unapovuta mafuta kama robo, mzigo mkubwa unabebwa na jeti ndogo, ile tunayoiita pailoti, pamoja na skrubu yake ya pembeni. Kutoka robo hadi robo tatu ni zamu ya sindano inayopanda na kushuka ukivuta mkono. Jeti kubwa inatawala mwishoni kabisa, mkono ukiwa umefunguka karibu wote. Wewe unakwama kwenye robo ya kwanza, na fundi amebadilisha kitu cha robo ya mwisho. Mwambie akurudishie jeti yako ya zamani. Hiyo aliyoweka itakunywea petroli ukikimbia barabara ya Ahero na haitakusaidia kuondoka stejini.

Msomaji mwingine asiye na hakika mkono wake uko wapi shida inapokuja, abandike kipande cha selotepu kwenye mshikio wa mafuta na kingine kwenye kipande kisichozunguka, achore alama ya kufunga, robo, nusu na mwisho. Aende barabara tulivu aangalie alama inapokatia. Hicho ni kipimo cha bure na kinamaliza ubishi mwingi na mafundi.

Sasa choki. Ukivuta choki, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kuliko hewa. Pikipiki inayopona kwa choki hata injini ikiwa ya moto inakwambia ina njaa ya petroli, au kuna hewa ya wizi inayoingia. Mngurumo kuchelewa kushuka unasema vivyo hivyo. Kwa hiyo washukiwa wako ni wawili: jeti ndogo imeziba, au kuna nafasi kati ya kabureta na injini.

Anza na hewa kwa kuwa kipimo chake cha kwanza hakihitaji kufungua chochote. Washa, acha ingurume polepole, kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye kile kipande cheusi kinachounganisha kabureta na injini, upande wa chini pia, maana mipasuko hujificha huko. Mngurumo ukibadilika, au ukiona povu linavutwa ndani, umempata mwizi. Tumia maji, kamwe usijaribu kwa petroli karibu na injini ya moto. Kwa sababu kabureta yako ilishafunguliwa baada ya shida kuanza, kagua pia oringi, ile pete ya mpira, ya pale. Na uangalie kama kipande hicho kimepinda, kwa sababu mafundi wengine hukaza zile bolti mbili kana kwamba wanafunga gurudumu la lori, uso wake unainuka katikati. Ukishakifungua, kilaze juu ya kioo cha dirisha: kikitikisika, tandika msasa laini juu ya kioo hichohicho, ukisugue taratibu kwa mzunguko mpaka kigusane chote, kisha ukioshe vumbi lote kabla ya kurudisha.

Hewa ikiwa salama, basi ni jeti, na ningeweka dau langu hapo. Petroli iliyokaa mwezi mzima kwenye bakuli la kabureta huruka hewani sehemu yake nyepesi, na kinachobaki ni utando wa kahawia unaonata. Jeti kubwa ina tundu pana, inapita. Ndogo ndiyo inayozibwa.

Funga koki ya petroli, hakikisha injini ni baridi na hakuna moto wala sigara karibu. Kwanza fungua skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli, ukinge kwa glasi safi. Acha glasi itulie uitazame kwenye mwanga. Ukiona matone yaliyokusanyika chini na kutembea peke yake glasi ikiinamishwa, hayo ni maji, na lazima umwage na tanki. Msimu wa mvua nayaona mara nyingi, hasa kwa wanaonunua petroli ya chupa kando ya barabara.

Kisha fungua bakuli. Jeti ndogo iko pembeni ya kubwa, mara nyingi imezama kwenye shimo lake, na ni ya shaba nyeupe au ya njano, laini mno. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfuo wake; bisibisi nyembamba itakula kichwa na jeti haitatoka tena. Ikishatoka, ielekeze kwenye mwanga wa jua na kufumba jicho moja. Unapaswa kuona nukta ya mwanga, ya mviringo, yenye ukingo mkali. Ukiona giza, au nukta yenye pembe kama mwezi mchanga, imeziba au imeziba nusu. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanachomoa uzi mmoja wa waya wa klachi na kuuchokoa. Waya ule ni chuma, jeti ni shaba. Ukishakwaruza tundu, namba iliyoandikwa kwenye jeti haina maana tena na hakuna skrubu itakayolipia. Sisi watu wa ziwa tuna dawa nzuri: uzi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba kabisa. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pitisha uzi, halafu puliza kwa pampu. Puliza pia lile shimo ambamo jeti ilikaa, na vile vitundu vidogo vilivyo ndani ya koo la kabureta karibu na ule mlango unaofunguka ukivuta mafuta. Ukisafisha jeti ukaacha vitundu hivyo, utarudi kwangu na barua hiihii.

Skrubu ya pembeni usiiondoe kabla ya kuhesabu. Izungushe ndani polepole hadi iguse, ukihesabu mizunguko, andika mahali. Ikigusa simama, ukiikaza, ncha yake hukatika au hupanua kiti chake. Ikitoka, chini yake kuna springi, kisha washa (kipete cha bati), kisha oringi ndogo sana inayopenda kubaki ndani. Rudisha kila kitu kwa mpangilio huo. Ukimaliza, irudishe kwenye hesabu yako, pasha injini moto, kisha iguse robo mzunguko kwa robo mzunguko ukitafuta mahali injini inanguruma kwa kasi na utulivu zaidi. Ukifika hapo ndipo ushushe mngurumo kwa ile skrubu nyingine ya kusimamia. Kumbuka skrubu za pembeni ni za aina mbili. Ikiwa iko upande wa injini, kuifungua kunaongeza petroli. Ikiwa iko upande wa chujio la hewa, kuifungua kunaongeza hewa.

Ukifanya yote haya na bado inakohoa, nenda kwenye tapeti, yaani nafasi ya vali, kabla hujawaza ringi. Vali iliyobanwa sana haifungi sawasawa injini ikipata moto, na mgandamizo unavuja zaidi injini inapozunguka polepole. Ikikimbia, uvujaji hauna muda wa kuonekana. Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kabisa na vali zote mbili zimefungwa, kwa vipimo vya kitabu cha pikipiki yako. Waendeshaji wengi wanapenda injini iliyonyamaza, na fundi akitaka kukupendeza anakaza hadi kelele iishe. Mimi naona tapeti inayogonga kidogo ni afadhali kuliko iliyonyamazishwa, kwa sababu hiyo ya pili inachoma vali.

SWALI: Fundi, mimi nasambaza maziwa Nakuru kwa pikipiki niliyoinunua Kisumu. Kule ilikuwa nyepesi. Hapa ni nzito ikiondoka, plagi inakuwa nyeusi kama masizi na nasikia harufu ya petroli. Naambiwa ni baridi ya Nakuru. Ni kweli? – Dada wa Maziwa, Nakuru

JIBU: Dada, baridi isingiziwe kidogo tu. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu mita 1,850. Hewa ya huko kwako ni nyepesi zaidi kwa takriban asilimia 7, na kabureta haina akili ya kulijua hilo, inaendelea kumimina karibu petroli ileile. Nguvu kidogo utaipoteza hata ufanyeje. Lakini mwinuko huo peke yake hauipaki plagi masizi. Wewe shida yako ni kinyume cha ya B.O.: una petroli nyingi mno. Tazama kama choki inarudi mpaka mwisho, maana kebo yake hukwama. Tazama chujio la hewa, vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi linaliziba upesi. Chomoa kipimo cha oili uinuse: ikinuka petroli, floti (boya la ndani ya bakuli la kabureta) au sindano yake haifungi, petroli inavuja hadi kwenye injini. Hapo usiendeshe mpaka utengeneze na kumwaga oili yote, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi chochote. Hayo yakiwa sawa ndipo umwambie fundi apunguze petroli kwa skrubu ya pembeni.

SWALI: Kuna mtu anatuuzia petroli ya bei ya chini, na wenzangu stejini wanasema ina mafuta taa. Inaweza kuwa ndiyo inafanya pikipiki ikohoe ikiondoka? – Steji ya Kakamega

JIBU: Inaweza kabisa. Mafuta taa hayageuki mvuke kirahisi kama petroli, kwa hiyo injini inateseka kuwaka asubuhi na kuondoka, na yale yasiyoungua yanateremka kuosha oili kwenye silinda. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuvunja faida ya wachanganyaji, lakini anayeuza bei ya chini kuliko kituo lazima ujiulize pengo amelijaza na nini. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto, usubiri dakika chache. Petroli safi hukauka bila kuacha kitu. Likibaki doa la mafuta, mwaga tanki na bakuli la kabureta, jaza petroli ya kituo, na ukague plagi kabla ya kumlipa fundi yeyote.