Maswali ya wasomaji: Bastola ghorofani, kiwanja cha shabaha mbali

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi ghorofa ya sita katika jengo lenye wapangaji wengi, katikati ya jiji kubwa. Nimevutiwa na mchezo wa kulenga shabaha na ninakusudia kuomba leseni ya bastola. Wenzangu wananiambia kwamba nikishapata leseni, mengine yote ni mteremko. Je, ni kweli?
Mpenda Shabaha

JIBU: Ndugu Mpenda Shabaha, wenzako wamekueleza nusu ya safari. Leseni ina usumbufu wake wa fomu, ada, mahojiano na kusubiri, lakini usumbufu huo una mwisho. Usio na mwisho ni kupata mahali pa kufyatulia risasi, na namna ya kufika huko na silaha bila kuvunja sheria.

Jiji na kiwanja cha shabaha haviivi chungu kimoja. Hata risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22 inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, kwa hiyo kiwanja cha wazi huhitaji tuta refu la udongo na eneo tupu nyuma yake, na eneo la namna hiyo jijini lilikwisha kujengwa zamani. Hubaki viwanja vya ndani, ambavyo ni ghali kuviendesha, kwa kuwa huhitaji mitego ya chuma ya kunasa risasi, kuta nene za kuzuia mlio, na mitambo inayosukuma hewa kutoka kwa mlengaji kuelekea kwenye shabaha ili moshi na vumbi visimwingie mapafuni.

Sheria nazo zinaweza kukukwamisha kwa njia ya ajabu. Mwaka 2010, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani kuangusha marufuku ya bastola ya Chicago, jiji hilo lilimtaka kila mwombaji wa kibali apate mafunzo kwenye kiwanja cha shabaha, na papo hapo likapiga marufuku viwanja vya umma vya aina hiyo ndani ya mipaka yake. Mahakama ya rufani ilizuia marufuku hiyo mwaka 2011. New York, kwa miaka mingi, mwenye leseni ya kuweka bastola nyumbani tu aliruhusiwa kuipeleka kwenye viwanja vya ndani ya jiji peke yake, navyo vilikuwa saba kwa mamilioni ya wakazi, hadi kanuni hiyo ilipolegezwa mwaka 2019. Kabla hujajaza fomu, basi, uliza kiwanja kiko wapi, kinapokea wanachama wapya au la, na leseni yako itakuruhusu kupita njia ipi.

Swali la njia si dogo. Mahali pengi silaha husafirishwa ikiwa haina risasi, ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, risasi zikiwa kando, na mwenyewe akienda moja kwa moja bila kupitia kwingine. Ikiwa mabasi na treni za jiji lako haziruhusu silaha nawe huna gari, leseni itakaa kwenye droo.

Nyumbani, soma kwanza mkataba wako wa pango. Sefu nyepesi isiyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni mwizi huibeba pamoja na kilichomo, na kutoboa zege la mwenye nyumba kunahitaji ruhusa yake. Ukuta mwembamba wa jipsamu, kwa upande mwingine, hauzuii risasi ya bastola, na nyuma yake analala jirani.

Ushauri wangu ni kwamba ujiunge na klabu kwanza, utumie silaha ya klabu kwa muda wa kutosha, kisha ujiulize kama bado unaihitaji ya kwako. Fikiria pia bastola ya hewa: hutumika katika Olimpiki kwa umbali wa mita 10, na mahali pengi, ingawa si kote, masharti yake ni mepesi zaidi.

SWALI: Mume wangu huenda kulenga shabaha kila wiki katika kiwanja cha ndani, nasi tuna mtoto anayetambaa. Je, nguo zake zina madhara?
Mama Mtoto

JIBU: Ndiyo, zinaweza kuwa na madhara. Kila mfyatuo huacha chembe za madini ya risasi (yaitwayo lead kwa Kiingereza), na madini hayo huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Anawe mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kuondoka kiwanjani na kabla ya kula chochote, na abadili nguo na viatu kabla ya kumshika mtoto. Nguo hizo zisikung'utwe ndani, na zifuliwe peke yake. Ikiwa wewe ni mjamzito, usiende naye kiwanjani, na usizifue wewe, azifue mwenyewe.