Jibu: Kufunga difu ya dabo tairi kwenye pikapu ya zamani

Mkuu, umeuliza kama difu (ekseli ya nyuma pamoja na gia zake) ya lori dogo la Toyota Dyna, yenye dabo tairi (matairi mawili kila upande), itakaa kwenye pikapu yako ya zamani ya Hilux ili ubebe mchanga. Inakaa, lakini usilipe kabla hujapima.

Kwanza ulizia resho, yaani propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu) inazunguka mara ngapi matairi yakizunguka mara moja. Kama gari yako ni foo-wili (inaweza kuvuta kwa matairi ya mbele na ya nyuma), resho ya nyuma lazima ilingane na ya mbele, la sivyo ukiingiza foo-wili kwenye lami kavu gia zinakabana na kitu kitavunjika. Kuijua, nyanyua nyuma, zungusha matairi yote mawili pamoja mzunguko mmoja, hesabu propela inazunguka mara ngapi. Fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, atakufanyia hapo hapo.

Halafu pima umbali kati ya springi na springi. Vikalio vya springi kwenye difu vikipishana na springi za gari, vinakatwa na kuchomelewa upya, na pembe ya propela isipozingatiwa utaua krosi (viungo vya propela) kila mara. Propela yenyewe huenda ikafupishwa na kubalansiwa.

Rimu za mbele hazitaoana na za nyuma, kwa hiyo spea tairi ziwe mbili.

Ila nakusihi sana: dabo tairi haziongezi nguvu ya chesisi wala breki za mbele. Mzigo ubaki uleule wa kiwandani.