Chumba cha kupanga, anza na kitambaa

Ukiwa mpangaji, kuta si zako. Mwenye nyumba anaweza kukukatalia rangi, anaweza kukukatalia hata msumari wa kutundikia picha, lakini sijaona anayemchagulia mtu pazia. Ndiyo maana kila anayeniuliza aanzie wapi kukipendezesha chumba chake hapa Dar es Salaam kwa fedha ndogo, namwambia aache kwanza habari za kochi jipya, akatafute kitambaa.

Na kitambaa cha kwanza kiwe cha pazia. Mdogo wangu alipohamia chumba na sebule kule Tabata, fedha aliyobaki nayo ilitosha kitu kimoja: pazia zuri au meza ya kioo. Nilimsihi achukue pazia. Sebule yenyewe ilikuwa na kochi la zamani, sakafu ya saruji na kuta za rangi ya maziwa iliyokwisha kuchujuka. Likatundikwa pazia la kijani kilichokolea, kutoka karibu na dari hadi kugusa sakafu, na wageni wakaanza kuuliza kochi kalinunua wapi. Kochi ni lilelile.

Ukienda kununua, pima bomba la pazia, usipime dirisha. Bomba lipite dirisha kama sentimita 20 kila upande, ili ukifungua, pazia likae ukutani na upepo uingie wote. Kwa joto letu hilo si jambo dogo. Kisha zidisha urefu wa bomba mara mbili. Bomba la mita 2 linataka kitambaa cha upana wa mita 4 kikishaunganishwa, yaani vipande vitatu vya kitambaa chenye upana wa mita 1.5, na kinachozidi kinaliwa na mikunjo na mapindo. Hapa ndipo watu wanapobana matumizi, halafu ukilifunga pazia linanyooka kama shuka iliyoanikwa. Mimi ningechukua kitambaa cha bei ya chini kilicho tele kuliko cha bei mbaya kisichotosha.

Usidharau mapazia ya mitumba. Pale soko la Karume, ukiwa na subira ya kuchambua, unapata mazito yenye kitambaa cha pili kwa ndani, na hicho ndicho kinachozuia jua lisile rangi. Likunjue lote, usikubali kuoneshwa upande mmoja. Lielekeze kwenye mwanga uone matundu, kisha tazama kingo na mistari ya mikunjo, maana kuchujuka huanzia hapo. Kupata jozi ni bahati, kwa hiyo tafuta moja pana na refu, fundi alikate mawili.

Mito ya kochi nayo nina msimamo wangu: nunua kanga. Maduka ya Mtaa wa Uhuru yana rangi ambazo huzipati kwenye foronya zilizoshonwa tayari, na hesabu yake ni nzuri. Kanga moja ina karibu mita 1.5 kwa 1.1. Ukikata miraba ya sentimita 47, unapata sita, yaani nyuso za mito sita ya inchi 18, huku migongo ukiishona kwa kitambaa cha rangi moja kilichobaki kwenye pazia. Hapo mito na pazia vinaanza kuongea lugha moja bila wewe kununua kitu kingine. Iloweke kanga kwanza, ikauke, ndipo ikatwe, kwa sababu pamba hurudi. Na usimwachie fundi akate apendavyo. Kaa naye, tandaza kanga mezani, mwoneshe maua ya mji, ile sehemu ya kati ya kanga, yakae katikati ya mito, achore kwa chaki mbele yako. Ukipenda kubakiza jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, lipe mto mrefu wa peke yake hata kama miraba itapungua, na lisome vizuri dukani. Sebuleni panafaa dua na shukrani, mafumbo ya mke mwenza yabaki kwenye kanga za kuvaa. Weka zipu, foronya zivuliwe zifuliwe.

Kwa sakafu, wa Dar, Tanga na Unguja nawashauri mkeka wa ukindu kabla ya zulia. Hauhifadhi joto, ukimwagikiwa chai unafutika, na vumbi unalikung'uta nje. Zulia la manyoya liwe la ndugu zetu wa Mbeya na Arusha, kule baridi ya asubuhi inalidai.

Chumbani watu hupanga shuka na foronya vizuri, wakakisahau chandarua, na ndicho kinachoonekana kwanza mtu akifungua mlango. Kitundike juu zaidi, mchana kikusanye na ukifunge kwa utepe wa kitambaa cha pazia. Kikiwa chenye dawa, kifue kwa sabuni ya kawaida na ukianike kivulini, jua linaipunguza nguvu dawa yake.

Vile vitambaa vya kufuma alivyokuachia mama, tafadhali usivitupe. Kimoja tu juu ya meza ndogo, kimefuliwa na kutiwa wanga kikasimama, kinatosha. Vikijaa kila mgongo wa kiti ndipo vinapochosha macho.

Kuhusu fundi, nenda mapema. Kumi la mwisho la Ramadhani na wiki za kuelekea Krismasi, cherehani zote za mtaani zimeelemewa na nguo za watoto, na pazia lako litashonwa usiku na mtu aliyechoka. Mpelekee wiki mbili kabla ya Ramadhani kuanza, na vipimo uviandike kwenye karatasi uibane kwenye kitambaa chenyewe.