Mikono kufa ganzi ukifika Chalinze

Kaka, umesema ukitoka Dar kwenda Morogoro kwa pikipiki, ukifika Chalinze mikono haisikii kitu. Angalia kwanza ni vidole gani. Kikiwa kidole kidogo na cha pete, unaegemea usukani kwa upande wa nje wa kiganja, ule wa kidole kidogo. Kikiwa gumba, cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kimekunjwa, na mshipa wa fahamu unaopita katikati yake unabanwa.

Dawa ya kwanza ni bure: legeza mkono. Wengi tunakamata usukani kama tunataka kuunyonga. Bana tangi kwa magoti, tumia tumbo na mgongo kujibeba, viwiko vikunjike kidogo. Halafu chukua spana, legeza mikono ya klachi na breki, izungushe ishuke kidogo mpaka vidole, kifundo na kigasha vikae mstari mmoja ukiwa umeketi. Mimi hilo tu lilinimalizia nusu ya tatizo.

Mtetemo nao unachangia. Kaza nati za injini na za usukani, kagua upepo wa matairi, na kama raba za kushikia usukani zimekuwa ngumu weka mpya nene. Kwa ganzi, glovu ya kubana sana ni mbaya kuliko kutovaa, ingawa ukianguka bila glovu utaikumbuka.

Simama kila baada ya saa moja, kung'uta mikono. Ila ganzi ikikuamsha usiku kitandani, au vitu vikianza kukudondoka, hiyo si ya fundi tena, nenda hospitali.